Uzi: Mashine ya kutotolesha vifaranga nyumbani, kwa anayeanza

#1 MgeniBandani (Tanga)

Habari za jioni wakuu. Nina mashine ya plastiki ya mayai 48, hizi za Kichina zenye feni, trei inayogeuka yenyewe na kioo kinachoonyesha joto, unyevu na siku. Bado ni tupu. Mayai yatakuwa ya kuku wa kienyeji, mengine ya bandani kwangu, mengine naagiza Singida yaje kwa basi. Umeme huku unakatika bila taarifa. Kijitabu chake kinataka nijaze maji mifereji yote miwili tangu siku ya kwanza, unyevu ukae asilimia 60. Nianzie wapi ili nisije nikaua mayai?

#2 FundiTotoa

Karibu mkuu. Kabla ya yai lolote kuingia, washa mashine ikiwa tupu ikae saa 24. Iweke chumba kisichopigwa jua wala upepo wa dirishani, juu ya meza iliyonyooka. Chumba kikiwa na nyuzi 20 hadi 28 mashine haihangaiki.

Kisha usiamini namba za kioo mpaka uzipime. Kwa joto: chukua kikopo kidogo cha plastiki chenye mfuniko, kijaze maji, kiweke juu ya trei pale mayai yatakapokaa, kilale humo usiku kucha. Asubuhi fungua upesi, tumbukiza kipimajoto cha homa, kile cha dijitali cha duka la dawa, usome. Mashine ya feni inatakiwa isome kati ya nyuzi 37.5 na 37.8. Mfuniko wa kikopo una kazi yake: maji yaliyo wazi yanapoa kwa kukauka, utasoma joto la chini kuliko lililopo. Kioo kikisema 37.8 na maji yakasema 37.1, bonyeza SET kwa sekunde kadhaa, tafuta herufi CA (nyingi za Kichina zinayo), ushushe kwa 0.7. Kioo kitaanza kusema ukweli na mashine itaongeza joto yenyewe.

Rudia kikopo kwenye pembe mbili tofauti za trei. Pembe moja ikizidiwa na nyingine kwa zaidi ya nusu nyuzi, feni ni dhaifu au kuna kitu kimeizibia.

Unyevu nao unapimwa kwa chumvi. Weka chumvi ya mezani kwenye kifuniko cha chupa, idondoshee maji kidogo mpaka iwe kama uji mzito, isiyeyuke yote. Funga kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha hewa pamoja na kipima unyevu kidogo cha kununua pembeni, kaa saa 10 hivi. Kinatakiwa kisome 75. Kikisoma 68, ujue kinapunguza 7. Baadaye kiweke ndani ya mashine ulinganishe na kioo.

#3 Nyanda_Baridi (Njombe)

Naongezea kwenye maji, maana hapo ndipo wengi wanafia. Kijitabu hakijui unaishi wapi. Hewa ikipashwa joto unyevu wake unashuka, kwa hiyo kinachotakiwa ni kujua hewa ya chumbani kwako inaingia na maji kiasi gani.

Hewa ya Tanga yenye nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 75, ukiipasha hadi 37.5, inabaki na unyevu wa karibu asilimia 49. Bila tone la maji! Na mayai yenyewe yanatoa mvuke, kwa hiyo itasogea juu kidogo. Sasa chukua hewa ya huku kwetu mwezi wa sita, nyuzi 12 na unyevu asilimia 80. Nje unaona ukungu, lakini ikiingia kwenye mashine inashuka hadi asilimia 17 hivi. Dodoma wakati wa kiangazi, nyuzi 25 na unyevu 40, unapata kama 20.

Siku 18 za mwanzo unatafuta 45 hadi 55. Kwa hiyo Tanga, Dar au Mombasa anza mfereji ukiwa mkavu, angalia kioo saa 24, ndipo uamue. Huku Njombe mifereji yote miwili inajazwa na wakati mwingine unaongeza kitambaa. Ukifuata asilimia 60 ya kijitabu ukiwa Pwani, yai halipotezi maji ya kutosha, kifuko cha hewa kinabaki kidogo, kifaranga anakomaa vizuri kabisa halafu anafia ndani siku ya 20 akiwa amelowa. Watu wanasema "mashine mbovu". Mashine haina kosa.

Kingine, unyevu unaletwa na upana wa uso wa maji. Kuongeza kina cha mfereji uleule hakubadilishi kitu, maji yatakaa siku nyingi zaidi tu bila kukauka.

#4 MgeniBandani

Aisee, hilo la hewa sikuwa nalijua. Mayai je? Ya Singida yanasafiri usiku kucha kwenye buti la basi.

#5 MamaKanga

Mwanangu, mayai ya basi yanapofika yapumzishe saa 12 hadi 24 kwenye trei ya karatasi, ncha iliyochongoka ikiwa chini, ile butu juu. Mitikisiko ya njiani inalegeza kifuko cha hewa kilichoko upande butu. Ukimulika ukaona kifuko kinacheza cheza kama povu, yai hilo liweke hivyo hivyo wima hata ndani ya mashine, na siku mbili za kwanza zima kigeuzi.

Mtumaji mwambie asiyaoshe. Ganda lina utando unaozuia vijidudu, ukiosha unawafungulia mlango. Lenye kinyesi kikavu likwangue taratibu na sandpepa laini, lenye kinyesi cha kuenea liache, likaange. Yaliyopasuka hata ufa wa unywele, makubwa kupita kiasi, ya mviringo kama mpira na yenye ganda la chenga chenga, yote yabaki jikoni. Na lile la kusema yai la kuchongoka linatoa jogoo ni uongo wa kijiweni, usijisumbue kuchagua.

Umri wa yai: usizidi siku 7 tangu kutagwa. Yanatunzwa sehemu ya ubaridi wa nyuzi 15 hadi 18. Tanga huna ubaridi huo bila kiyoyozi, na friji ya kawaida ni baridi mno, kwa hiyo punguza siku: kusanya siku 4 au 5 tu. Yai likikaa kwenye joto la nyuzi 28, 30, kiinitete kinaanza kukua kivivu kisha kinadhoofika na kufa. Ukilipima baadaye utadhani halikuwa na mbegu.

Uliza pia habari za jogoo. Jogoo mmoja kwa mitetea 8 hadi 10. Kama jogoo ameingizwa bandani juzi, subiri wiki nzima ndipo uanze kuokota ya kutotolesha. Na mayai ya dukani ya kuku wa mayai hayana jogoo kabisa, hayo hata ukiyaombea dua hayatoi kifaranga.

#6 Bamburi254

Wazee, na hii kugeuza mara ngapi kwa siku? Yangu ni ya mkono.

#7 FundiTotoa

Mkono: mara 3 au 5, namba isiyogawanyika kwa mbili, ili upande unaolala juu usiku huu usiwe uleule wa jana. Chora X upande mmoja na O upande wa pili kwa penseli. Kalamu ya wino usiiguse, ganda linapitisha. Osha mikono kila mara.

Za trei inayogeuka yenyewe zinafanya hivyo kila saa mbili hivi, zinainama nyuzi 45 kila upande. Lakini usilale usingizi wa pono: chora mstari wa penseli kwenye ukingo wa trei, uangalie asubuhi na jioni kama umehama. Kimota kile ni kidogo na hufa kimya kimya huku kioo kinaendelea kuhesabu. Yai lisilogeuzwa wiki ya kwanza, kiinitete kinagandamana na utando wa ganda. Hapo hakuna tiba.

Siku ya kuweka, mayai yaliyotoka sehemu ya ubaridi yaache kwanza yapate joto la chumba kwa saa 6 hadi 8, vinginevyo yanatoka jasho na jasho linavuta vijidudu ndani. Ukishayaweka, joto la kioo litaanguka na litachukua saa kadhaa kurudi. Usiguse kitufe! Ndiyo sehemu mgeni anakurupuka, anapandisha hadi 39, halafu mayai yakishapata joto mashine inapitiliza.

Hesabu ya siku: ukiweka Jumamosi saa 2 usiku, siku ya kwanza inatimia Jumapili saa 2 usiku. Siku ya 18 ni Jumatano, ya 21 ni Jumamosi. Yaani kuku anatoka siku ileile ya wiki uliyomweka. Panga mapema usije ukawa safarini.

#8 MgeniBandani

Nimeelewa. Kumulika nafanya lini, na natafuta nini hasa?

#9 MamaKanga

Siku ya 7, ya 14 na ya 18. Chumba kiwe giza, tochi ya simu inatosha: kata tundu la upana wa shilingi kwenye kipande cha boksi, lifunike taa, egemeza upande butu wa yai hapo. Trei isikae nje zaidi ya dakika 15 au 20.

Siku ya 7 yai zima linaonyesha mishipa myekundu imetawanyika kutoka kwenye doa jeusi, na ukitulia doa hilo linacheza. Lisilo na mbegu linang'aa njano tupu, unaona kivuli cha kiini tu. Lililokufa mapema lina pete ya damu, mstari mwekundu wa mviringo umejitenga na hakuna mishipa. Haya mawili toa. Ukiwa na shaka, mrudishe, weka alama ya swali, umtazame tena siku ya 10. Maganda ya kahawia ya kuku chotara yanasumbua kuona, ya kienyeji mengi ni meupe au ya maziwa, hayo yanaonekana safi.

Siku ya 14 sehemu kubwa ni giza na kuna kujinyonganyonga. Siku ya 18 ni giza tupu isipokuwa kifuko cha hewa, kama theluthi ya yai kwa juu.

Yai lolote linalotoa harufu au kuvuja unyevunyevu ni viza, litoe sekunde hiyohiyo, kwa mikono miwili. Likipasuka humo ndani linawachafua wenzake wote.

#10 Nyanda_Baridi

Kumulika ni kuzuri, ila mizani ni zaidi. Yai la kuku linatakiwa lipoteze asilimia 11 hadi 13 ya uzito wake kufikia siku ya 18, na upotevu huo ndio kipimo cha kweli cha unyevu, kipima unyevu chako hata kiwe kinadanganya. Mizani ya jikoni ya gramu moja moja inatosha.

Chagua mayai 10, pima kila moja, andika gramu juu yake kwa penseli. Tuseme yote kumi ni gramu 500. Siku ya 7 yawe karibu 477, siku ya 14 karibu 453, siku ya 18 karibu 440. Ukikuta siku ya 7 bado ni 488, yanakauka polepole mno: toa maji, fungua tundu la hewa zaidi. Ukikuta 465, yanakauka haraka, ongeza maji. Kwa kuwa kila yai lina uzito wake umeandikwa, hata ukitoa lisilo na mbegu hesabu haiharibiki.

Walioko mwinuko mkubwa, Njombe, Makete, Limuru huko Kenya, mjue yai linapoteza maji haraka zaidi na oksijeni ni chache. Matundu ya hewa yawe wazi muda wote, mwisho wa safari hasa. Baridi ifidiwe kwa kupasha chumba. Kuziba matundu ili joto lisitoke ni kujimaliza.

#11 Bamburi254

Na stima ikipotea? Kwetu inaweza enda saa tano mfululizo.

#12 FundiTotoa

Kwanza tulia, yai linavumilia ubaridi kuliko joto la kuzidi. Kupoa kwa saa chache kunachelewesha kutoka na kupunguza idadi kidogo. Lakini joto la ndani ya yai likifika nyuzi 40 na zaidi likakaa hivyo, unaua.

Wiki mbili za mwanzo: usifungue mfuniko, funika mashine kwa blanketi, acha kidogo wazi usawa wa matundu. Umeme ukichelewa, jaza chupa mbili za soda maji ya moto, zifunge kwa kitambaa, ziweke ndani pembeni bila kugusa mayai, ubadilishe zikipoa.

Kuanzia siku ya 14 mambo yanageuka. Vifaranga humo ndani wanatoa joto lao wenyewe na wanakula oksijeni nyingi, na feni imesimama. Ukizungushia blanketi kila upande unawanyonga. Funika juu tu, matundu yote wazi, na kila nusu saa inua mfuniko kidogo hewa iingie. Siku tatu za mwisho usiinue kabisa, tegemea matundu.

Betri: soma wati kwenye kibandiko cha nyuma. Mashine ya wati 80 haivuti 80 muda wote, chukulia nusu, yaani 40. Betri ya asidi ya 12V, 100Ah ina wati-saa 1200, na usiishushe chini ya nusu ili isife mapema, zinabaki 600. Gawa kwa 40 unapata saa 15, toa zinazopotea kwenye inveta, hesabu kama saa 13. Mashine nyingine zina tundu la 12V moja kwa moja, hizo hazihitaji inveta na ndizo za kununua kama umeme ni shida. Inveta za bei chee huifanya mota ya kugeuzia ingurume bila kugeuka, ijaribu kabla. Na umeme unaopanda na kushuka unaunguza kibao cha umeme cha ndani. Weka kidhibiti umeme.

#13 MgeniBandani

Siku ya 18 sasa. Nafanya nini?

#14 MamaKanga

Unamulika mara ya mwisho, unatoa trei ya kugeuzia, unalaza mayai kwenye wavu wa chini. Tandika kitambaa kigumu au mkeka wa mpira wenye matundu. Plastiki laini inatelezesha na kifaranga anatanuka miguu kama kisu na uma, hasimami tena vizuri. Gazeti pia linateleza.

Pandisha unyevu uwe 65 hadi 75. Kwa Tanga jaza mfereji mmoja kwa maji ya uvuguvugu, uone. Hapo funga, na usifungue mpaka wengi watoke. Kila ukifungua, hewa yenye unyevu inatoka yote kwa sekunde, na utando wa aliyekwisha kutoboa unakauka na kumbana kama karatasi ya nailoni. Kuongeza maji tumia bomba la sindano na mpira mwembamba kupitia tundu.

Siku ya 19 au 20 utasikia mlio ndani ya yai. Anatoboa kwanza kifuko cha hewa, kisha ganda. Kutoka tundu la kwanza hadi kujitoa ni saa 12 hadi 24, na muda mwingi amelala tu, anamalizia kunyonya kiini na damu ya kwenye utando. Waliotoka waache humo wakauke wawe na manyoya. Hawahitaji chakula wala maji upesi, kiini walichoingia nacho kinawatosha saa 48, hata 72.

#15 Bamburi254

Mimi nikiona ametoboa na hasongi, namsaidia kubandua ganda. Nimuache afe?

#16 MamaKanga

Muache. Ukimtoa kabla hajamaliza damu unamwaga damu yake, na kitovu kinabaki wazi.

#17 FundiTotoa

Mama, hapo nitatofautiana kidogo. Zikipita saa 24 tangu tundu la kwanza, hakuna maendeleo, utando umekuwa wa kahawia na mkavu, huyo amebanwa na ukavu, hatatoka. Lowesha kitambaa maji ya uvuguvugu, lainisha utando, bandua ganda kidogo kidogo kuzunguka upande butu tu. Ukiona damu hata tone, simama, mrudishe, subiri saa 4 hadi 6. Akibakiza nusu ya chini ajisukume mwenyewe. Ila kama ni wengi waliobanwa, tatizo ni unyevu, na kuwasaidia mmoja mmoja unawakausha waliobaki.

#18 MamaKanga

Sawa, kwa masharti hayo. Wengi hawasubiri hata saa sita, ndio maana nakataza.

#19 Nyanda_Baridi

Mkimaliza msitupe mayai yaliyobaki bila kuyavunja, nje, upande wa upepo. Yanasema kilichotokea. Wakitoka siku ya 19 na vitovu vibichi, joto lilizidi. Wakisubiri hadi siku ya 22, 23, wamelegea na matumbo makubwa, joto lilikuwa pungufu. Vifaranga wananata uteute na wamevimba, unyevu ulizidi. Wamebanwa na utando mkavu, ulipungua au mfuniko ulifunguliwa. Vifo vingi ndani ya wiki ya kwanza huwa ni mayai ya zamani, mayai yaliyopata joto njiani, au kipimajoto kinachodanganya. Kifaranga amekomaa lakini kichwa kipo upande mwembamba, yai lililazwa vibaya au halikugeuzwa.

Na hesabu ya mafanikio fanya mara mbili. Mayai 48, yasiyo na mbegu 8, yakabaki 40, wakatoka 32. Kwa yenye mbegu ni asilimia 80, mashine imefanya kazi yake. Kwa yote ni kama 67, na lile pengo ni kesi ya jogoo na mletaji wa mayai.

#20 MgeniBandani

Asanteni sana. Swali la mwisho: naweza kuchanganya na mayai ya bata humo humo?

#21 MamaKanga

Bata wetu hawa wa mitaani wenye nyama nyekundu usoni wanachukua siku 35, bata wa kawaida na bata mzinga 28, kanga 26 hadi 28, kware 17 au 18. Kinadharia ungeweka bata wa siku 35 kwanza, kuku wakaingia siku 14 baadaye, watoke pamoja. Lakini ukitaka kuku wa mafungu tofauti, siku tatu za unyevu mwingi na manyoya ya wanaotoka zinawaharibia walio katikati. Mara ya kwanza weka kuku peke yao.

Bruda, yaani chumba chenye joto cha kulelea vifaranga, iwashwe tangu siku ya 20, iwe na nyuzi 32 hadi 35 usawa wa mgongo wa kifaranga, upunguze kama nyuzi 3 kila wiki. Chanjo ya kideri siku ya 7 usiiruke. Mashine ikishatoa, osha kwa sabuni, kisha vijiko viwili vya chakula vya Jik kwenye lita moja ya maji, acha dakika 10, suuza, anika kivulini ikauke kabisa. Feni na kibao cha umeme futa kwa kitambaa chenye unyevu tu, usimwagie maji.

#22 Bamburi254

Na hizo chenga za manyoya kwenye feni nitatoa na brashi ya rangi, ile ndogo. Inaingia fiti.